Yaliyopita Bado ni Ndwele

Kuna methali inayosikika makanisani mwetu kuliko mistari mingi ya Biblia, nayo haimo katika Biblia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hutolewa kila fedha za usharika zinapopotea, kila binti anapopewa mimba na mtu ambaye jina lake wote wanalijua, kila mchungaji anapohamishwa ghafla kwenda mbali bila maelezo. Toleo hili tumelitoa ili kubishana nayo. Tunashikilia kwamba msamaha wa Mungu ni kamili na ni wa bure, na kwamba aliyesamehewa bado ana deni kwa mwenzake. Kanisa linalolifuta deni hilo kwa niaba ya aliyedhulumiwa linagawa mali isiyo yake.

Wahubiri humpenda Daudi kama mfano wa mtu aliyeanguka akainuka. Ni kweli, ila wengi wao hufunga kitabu mapema. Nabii Nathani alipomaliza hadithi yake ya maskini na kondoo wake mmoja, Daudi alikiri bila kujitetea, na nabii akampa majibu mawili kwa pumzi moja: dhambi imeondolewa, mfalme hatakufa, lakini mtoto atakufa, wala hakuufuta upanga aliokuwa amekwisha kuutangaza juu ya nyumba yake. Mahubiri huishia kwenye nusu ya kwanza. Kitabu cha Pili cha Samweli kinaendelea na ile ya pili kwa sura nyingi, na ni sura zinazotia kichefuchefu.

Amnoni, mzaliwa wa kwanza, anamnajisi Tamari, dada yake kwa baba. Daudi anapata habari, anakasirika sana, kisha hafanyi lolote. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inaongeza kwamba alimpenda Amnoni kwa kuwa ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Inawezekana. Mimi naona sababu nyingine iliyo karibu zaidi: angemwambia nini? Baba aliyemtuma mtu amletee mke wa askari wake angeanzaje kumfundisha kijana wake kwamba mwanamke hachukuliwi? Samaha alikuwa nayo, lakini mdomo wa kukemea ulikuwa umekwisha kufungwa. Tamari akabaki mkiwa nyumbani kwa kaka yake Absalomu, na Absalomu akanyamaza miaka 2, kisha akamuua Amnoni kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo. Akakimbilia Geshuri miaka 3. Aliporudi aliiba mioyo ya watu langoni, akampindua baba yake, akalala na masuria 10 wa mfalme juu ya dari, mbele ya Israeli wote. Daudi alikuwa juu ya dari ya nyumba hiyohiyo alipomwona Bathsheba, mke wa askari wake Uria.

Aliyetoa shauri hilo chafu la masuria ni Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyehamia kwa Absalomu. Bathsheba alikuwa binti Eliamu, na katika orodha ya mashujaa wa Daudi yumo Eliamu mwana wa Ahithofeli. Ikiwa ni mtu yuleyule, kama wafasiri wengi wanavyodhani, basi aliyemgeuka mfalme alikuwa babu yake Bathsheba, na hasira yake haihitaji ufafanuzi. Masuria wale, Daudi aliporudi Yerusalemu, aliwafungia ndani, akawalisha, wakaishi kama wajane hadi kufa kwao. Hakuna popote tunapoambiwa kwamba walikosa jambo.

Sisomi haya kama fimbo ambayo Mungu aliificha nyuma ya mgongo huku akitamka msamaha. Tendo lililotendwa lilikuwa limekwisha kuzaa, na wana wake walikuwa wakitembea mjini kwa miguu yao wenyewe. Toba ilimrudisha Daudi kwa Mungu. Haikumrudisha Uria kutoka Raba, alikouawa vitani.

Na kwa kuwa toleo hili linahusu pia utii, tumtazame Uria kidogo. Mhiti huyu, mgeni, alikataa kwenda kulala kwake wakati Sanduku na jeshi vimo vibandani. Akalala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Kisha akabeba kwa mkono wake barua ya kifo chake. Aliyeipokea ni Yoabu, jemadari wa jeshi, na Yoabu naye alitii. Alimpanga Uria pale alipojua pana mashujaa wa adui, na wengine wakafa pamoja naye. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya Yoabu siku ile, ingawa ndiye anayefanana nasi zaidi: mzee wa baraza anayetia saini muhtasari asioukubali, mhasibu anayeambiwa ahamishe fedha kutoka daftari hili kwenda lile, katibu anayeandika kwamba mchungaji kahamishwa "kwa mahitaji ya kazi". Nilitumwa tu, husema. Utii wa Kikristo una mahali unapokoma, na mahali hapo ni pale barua inapofunguliwa na kusomwa. Daudi alilipia utii huo pia. Yoabu alikuja kumuua Absalomu kinyume cha amri ya wazi ya mfalme, na mfalme hakuweza kumgusa. Alimwachia Sulemani kazi hiyo akiwa kitandani anakufa.

Kabla ya Daudi palikuwa na Sauli, aliyekiri kwa neno lilelile, kwamba ametenda dhambi. Kondoo wa Waamaleki walikuwa wakilia nyuma yake, naye akisema amewaacha hai ili wawe dhabihu. Kisha akamwomba Samweli jambo moja: amheshimu mbele ya wazee wa watu. Hapo ndipo toba nyingi za kwetu zinapojulikana ni za aina gani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa ibadani katika usharika mmoja ambao sitautaja. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama alisimama mbele, akalia, akaomba radhi kwa kula fedha walizochanga kununulia viti vya kukodisha harusini na misibani. Mchungaji akamshika bega, akatuomba tumpigie makofi, kwaya ikapokea kwa pambio. Bibi mmoja kwenye benchi la nyuma akauliza kwa sauti, "Na viti vyetu je?" Watu wakacheka. Mzee wa kanisa akamwashiria anyamaze. Nje, baada ya sadaka, nilisikia ikisemwa kwamba bibi yule ana roho ngumu, hajui kusamehe.

Bibi yule alikuwa ameisoma Torati vizuri kuliko sisi sote, hata kama hajui kusoma. Mambo ya Walawi sura ya 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe alichochukua, aongeze sehemu ya tano, amkabidhi mwenyewe siku ileile anapoleta sadaka yake ya hatia. Kwa hesabu hiyo, viti 100 hurudi 120. Yesu naye alimtaka mtu aiache sadaka yake madhabahuni aende kwanza akapatane na ndugu yake. Hata ule mstari wa kusamehe saba mara sabini, ambao hupenda kutupiwa waliodhulumiwa, umo katika Mathayo 18, baada ya maelekezo marefu kidogo: mwendee umwonyeshe kosa, asiposikia chukua mashahidi, asiposikia liambie kanisa. Tumeushika mwisho wa sura tukaruka mwanzo wake, maana mwanzo una kazi.

Na si kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuifanya kazi hiyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya urafiki wa daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, ulifika Uganda, Burundi, Kenya na Bukoba ukiwa na desturi iliyowashangaza hata wamisionari: aliyeokoka alirudisha alivyoiba. Vitu vilirejeshwa kwa wenyewe na madeni ya zamani yakalipwa. Uamsho ulikuwa na kasoro zake. Kukiri hadharani kuligeuka wakati mwingine kuwa kuwaanika wengine ambao hawakuombwa ruhusa. Lakini wazee wale wasingeelewa toba yenye machozi na makofi isiyo na kiti hata kimoja.

Tulichobaki nacho ni kutenga, nako tunakutumia vibaya. Binti aliyepata mimba husimamishwa kwenye Meza ya Bwana, hutolewa kwaya, hukaa nyuma na tumbo lake hadi atakapoungama. Kijana mwenzake anaendelea kupiga kinanda. Kufunika kombe mwanaharamu apite kunamfaa yeye peke yake. Matokeo ya dhambi ya wawili tumemwachia mmoja, tukayaita nidhamu ya kanisa.

Najua jibu litakalokuja, maana tayari limekuja ndani ya chumba chetu cha uhariri: mnaturudisha kwenye sheria, neema iko wapi? Basi tumtazame Zakayo kwa utaratibu. Yesu alimwita ashuke kwenye mkuyu na kujialika nyumbani kwake kabla ya mtoza ushuru huyo kuahidi chochote. Neema ilitangulia, wala haikudai rehani. Alipokwisha kumkaribisha ndipo Zakayo aliposimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa alipwe mara nne, zaidi ya sehemu ile ya tano aliyotakiwa mtu anayekiri mwenyewe. Hapo ndipo Yesu akatangaza wokovu nyumbani humo. Hakumwambia aache hesabu kwa kuwa yameisha.

Kwa hiyo tunaomba mabaraza ya wazee yatakayosoma toleo hili yajaribu jambo moja, hata kabla ya kumaliza kurasa zake. Mtu akija kutubu wizi, mwite na aliyeibiwa. Waulizwe wote wawili kiasi, kiandikwe. Kama hana cha kulipa, apangiwe kulipa kidogo kidogo, na risiti apewe mwenye mali, isiishie ofisini kwa mchungaji. Na siku ya kutangaza kwamba amerudi kundini, bibi wa benchi la nyuma aruhusiwe kuuliza swali lake, na pawe na mtu wa kumjibu.