Kwanza Kusimama, Kiisha Kukimbia

Mwezi huu tunaongea juu ya motokari ya zamani, ile inalala chini ya muembe na baba hapendi kuiuzisha. Katika kambi zetu za wafanyakazi zilibakia nyingi: Peugeot 404, Peugeot 504, Volkswagen, Land Rover. Tusizicheke. Ni motokari hizo zilipeleka mama zetu kuzaa, na kubeba nkambo siku ya maziko. Na Peugeot 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika ya Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968.

Kijana mumoja alikuja kwangu na kusema: “Baba fundi, nimepata feza kidogo. 404 ya baba imechoka. Ninataka kutia motere ya nguvu na bwati ya vitesi tano.” Nilimuuliza ulizo moja tu: “Na freni?” Akanyamaza.

Sikumucheka, sababu mimi mwenyewe nilifanya vile. Nilipokuwa kijana nilitia motere kubwa katika Volkswagen ya yaya wangu, freni nikaziacha zile zile. Siku moja, kwenye mutelemuko karibu na soko, mutoto akatokea na ndoo ya maji kichwani. Niliponda pedali, ikaenda mpaka chini. Nilisimama kwa kugonga ukuta wa matofali. Mutoto hakuguswa. Lakini sauti ya ile ndoo kuanguka, mpaka leo ninaisikia.

Ujue sababu. Ukienda kilomita 80 kwa saa, nguvu ya kusimamisha si mara mbili ya ile ya kilomita 40. Ni mara nne. Nguvu ile yote inageuka moto katika freni.

404 ilipoanza kutengenezwa mwaka wa 1960, ilikuwa na tamburu (ngoma ya chuma) kwenye magurudumu yote mane. Tamburu ikipata moto inapanuka, inakimbia garnitiri, na moto unakaa ndani. Diski iko inje, upepo unaipoza, maji na vumbi vinatoka upesi. Ndiyo maana 504, iliyotoka mwaka wa 1968, ilikuja na diski mbele, na 404 za mwisho vilevile.

Basi, ukiwa na feza kidogo, fuata mupango huu.

Moja, badilisha mipira yote ya freni, na mafuta yake. Mafuta ya freni yanavuta maji toka hewani, zaidi wakati wa mvua. DOT 4 mupya haichemki mbele ya digri 230. Ikiisha kunywa maji inaweza kuchemka kwa digri 155 tu. Ikichemka inafanya mvuke, na pedali inakuwa laini kama sponji. Ibadilishe kila miaka miwili. Usitie hata siku moja mafuta ya motere wala maji ya sabuni: mafuta ya motere yanavimbisha mipira, maji yanachemka upesi na kuleta kutu.

Mbili, tafuta pompa ya freni yenye njia mbili. Motokari nyingi za zamani ziko na njia moja: mupira mumoja ukipasuka, magurudumu yote mane yanabaki bila freni.

Tatu, tia diski mbele. Usiokote pyesi hapa na pale. Twaa seti nzima toka motokari moja, kama 404 ya mwisho: mwayo, etrie, diski, pompa na servo. Mara nyingi pompa ya tamburu iko na kivalvu kidogo kinachobakiza mukazo katika mipira; ukiifunga na diski, plaketi zitakwaruza na kupata moto bule. Na usikaze freni za nyuma kupita za mbele: nyuma ikifunga kwanza, motokari inageuka.

Kiisha sasa, tuongee motere. Nguvu ikiongezeka, inapita katika ambreyaji, bwati, kardani na ponti. Pahali palipo pazaifu ndipo patavunjika. Ponti ya 404 inazungushwa na skrubu juu ya gurudumu la bronzi; haipendi motere ya ukali, na inataka mafuta yale yale kitabu chake kinataja. Vitesi ya tano haileti nguvu. Inapumuzisha motere na kupunguza esanse. Kwenye mutelemuko, rudi katika ya tatu ao ya pili, motere isaidie freni.

Vijana, mbele ya kutoka, fanya majaribu pahali pasipo na watu. Motere inazunguka, ponda pedali kwa nguvu na hesabu mpaka 30. Ikishuka polepole, kuko pahali panavuja. Usitoke.

Barabara ya Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 300, imejaa kamyo za shaba na kobalti. Hazitakungojea wewe.

Yule kijana alirudi nyuma ya miezi miwili. Motere ni ile ile ya zamani, lakini mbele kuko diski. Baba yake sasa anakubali kumupa ufunguo.