Bima ya afya Marekani: Hesabu kura kabla ya kununua hisa

Tarehe 9 Novemba 2016, siku moja baada ya Wamarekani kumchagua Donald Trump, hisa za kampuni mbili kubwa za hospitali, Tenet Healthcare na Community Health Systems, ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye soko la New York. HCA, iliyo kubwa kuliko zote, ilipoteza kiasi cha asilimia 10. Siku hiyo hakuna hospitali iliyofungwa, hakuna daktari aliyegoma, wala hakuna kifungu cha sheria kilichobadilishwa. Rais mpya alikuwa hajaapishwa. Kilichouzwa sokoni siku ile ni hofu tupu.

Wiki hii tunaziweka kando bei za mazao na za fedha za kigeni ili tuitazame hofu hiyo, kwa sababu inarudi kila serikali mpya inapoingia Washington na kuishika sheria ya bima ya afya. Kwa mwenye mtaji mdogo, hapo pana somo ambalo wakubwa wa soko hulijua na wadogo hulilipia.

Kwanza tuelewe kwa nini hospitali ndizo zilizopigwa. Kwa sheria ya mwaka 1986, karibu kila hospitali ya Marekani yenye chumba cha dharura inalazimika kumpokea mgonjwa aliye hatarini, awe na fedha au asiwe nazo. Asiye na bima akishatibiwa, mara nyingi hawezi kulipa, na deni lake hubaki kwenye vitabu vya hospitali mpaka lifutwe. Sheria ya bima ya mwaka 2010, iliyopewa jina la utani Obamacare, iliwapa bima mamilioni ya watu wa namna hiyo. Trump alikuwa ameahidi kuifuta. Dalali wa hisa hakuhitaji zaidi ya hapo: wasio na bima wakirudi, madeni mabaya nayo yanarudi.

Lakini sheria haikufutwa. Tarehe 4 Mei 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuiondoa kwa kura 217 dhidi ya 213. Ulipofika Seneti, usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, ukashindwa kwa kura 51 dhidi ya 49. Marehemu John McCain, seneta wa chama hicho hicho cha rais, alikuwa mmoja wa Warepublican watatu walioukataa. Aliyeuza hisa zake za HCA siku ile ya Novemba aliziuza kwa chini ya dola 80 moja. Mwaka 2025 hisa hiyo hiyo ilipita dola 350.

Mkono mmoja haulei mwana

Hatusemi kwamba hofu ya sokoni ni upuuzi. Tunasema ina chanzo, na chanzo chake ni namna sheria yenyewe ilivyozaliwa.

Barack Obama aliapishwa Januari 2009. Seneti ilipitisha muswada wa bima tarehe 24 Desemba mwaka huo kwa kura 60 dhidi ya 39. Baraza la Wawakilishi likafuata tarehe 21 Machi 2010 kwa kura 219 dhidi ya 212, na siku mbili baadaye rais akatia saini. Katika kura hizo mbili hapakuwa na hata moja ya Republican.

Jambo la ajabu ni kwamba shina la sheria hiyo, yaani kumlazimisha kila mtu awe na bima na kumpa ruzuku asiyejiweza, halikuwa geni kwa Warepublican. Mitt Romney, gavana wao wa Massachusetts, alitia saini sheria ya namna hiyo katika jimbo lake mwaka 2006. Kwa hiyo ugomvi wa 2010 haukuwa wa hesabu za bima peke yake. Ulikuwa pia wa nani aandikiwe sifa na nani aandikiwe lawama.

Linganisha na Medicare, bima ya wazee. Ilipitishwa Julai 1965 chini ya Lyndon Johnson wa Democratic. Baraza la Wawakilishi liliipa kura 307 dhidi ya 116, na nusu ya Warepublican waliopiga kura, au zaidi kidogo, waliiunga mkono. Vyama vimegombana juu ya gharama zake kwa miaka 60, lakini hakuna mgombea makini wa urais anayeomba kura kwa ahadi ya kuifuta. Bima ya watoto ya mwaka 1997 nayo ilisukumwa na Edward Kennedy wa Democratic pamoja na Orrin Hatch wa Republican, na imepita mikononi mwa marais wa vyama vyote viwili.

Sasa tazama maisha ya sheria ya 2010. Baraza la Wawakilishi, chini ya Warepublican, lilipiga kura zaidi ya mara 50 kuifuta au kuipunguza. Mahakama ya Juu imeiamua mara tatu kwa namna ambayo ingeweza kuiua: mwaka 2012 ilinusurika kwa majaji 5 dhidi ya 4, mwaka 2015 kwa 6 dhidi ya 3, na mwaka 2021 kwa 7 dhidi ya 2. Desemba 2017 faini ya asiyekata bima ilishushwa hadi sifuri, kuanzia mwaka 2019. Sheria haikufa, lakini haikupata hata mwaka mmoja wa kulala usingizi. Na katika biashara ya bima, ambayo bei ya mwaka ujao hupangwa mwaka huu, kukosa usingizi ni gharama.

Dawa ya deni ni kulipa

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha gharama hiyo ilimwangukia nani. Wabunge wa 2010 walijua kwamba kampuni zitakazoingia katika soko jipya la bima hazitajua wateja wao ni wagonjwa kiasi gani. Wakaweka mpango wa miaka mitatu, 2014 hadi 2016: kampuni itakayopata faida kupita kiasi italipa serikalini, na itakayopata hasara kupita kiasi italipwa. Kwa ahadi hiyo kampuni zikashusha bei na kuingia.

Desemba 2014 wapinzani wa sheria katika Bunge wakaingiza kifungu kwenye bajeti kinachozuia fedha nyingine za serikali kutumika kulipa deni hilo. Oktoba 2015 serikali ikatangaza kwamba kwa mwaka wa kwanza italipa asilimia 12.6 tu ya kinachodaiwa. Wewe mfanyabiashara unaijua hali hiyo: umeshakabidhi mzigo, mteja anakuambia atakulipa senti 12 na nusu kwa kila dola.

Kampuni kubwa zilivumilia. UnitedHealth ilitangaza Aprili 2016 kwamba inajiondoa katika sehemu kubwa ya soko hilo, ikaendelea na biashara zake nyingine. Waliokufa ni wadogo. Vyama vya ushirika vya bima 23, vilivyoanzishwa kwa mikopo ya serikali ili kushindana na wakubwa, vilikuwa na mtaji mwembamba na viliitegemea ahadi ile. Vingi vilifungwa katika miaka michache, na vilivyobaki havifiki robo. Tarehe 27 Aprili 2020 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba serikali ni lazima ilipe. Deni lilikuwa zaidi ya dola bilioni 12. Kwa mwenye akiba ya kungoja miaka mitano, huo ulikuwa ushindi. Kwa ushirika uliokwisha kufilisika, ulikuwa ni mkate uliofika baada ya matanga.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaodhani kwamba mabishano ya vyama ni tamasha la wanasiasa tu. Mabishano hayo yana ankara, na ankara hiyo huletwa kwa mwenye mtaji mdogo.

Je, wangengoja?

Yupo atakayesema kwamba kungoja mikono miwili ni kungoja milele, na ana ushahidi. Bill Clinton alipoingia Ikulu Januari 1993 alimkabidhi mkewe Hillary kazi ya kuandaa mpango wa bima kwa wote. Hofu ya udhibiti wa bei ilizishusha sana hisa za kampuni za dawa. Kampuni za bima zikafadhili matangazo ya televisheni dhidi ya mpango, na wenye biashara ndogo wakapinga kulazimishwa kuwalipia wafanyakazi wao. Septemba 1994 kiongozi wa Seneti, George Mitchell, alitangaza kwamba mpango umekwisha. Haukufikia kura ya mwisho katika bunge lolote kati ya mawili. Novemba Warepublican wakayatwaa yote mawili, na wasio na bima wakaendelea kungoja kwa miaka 15 zaidi.

Hoja hiyo ni nzito, na hatuikwepi. Sheria ya 2010 iliwashusha wasio na bima kutoka takriban asilimia 16 ya Wamarekani hadi kiasi cha asilimia 9 ilipofika 2016. Mgonjwa aliyepata matibabu hajali sheria ilipita kwa kura ngapi. Kama tungekuwa na kura wakati ule, pengine tungeipiga ya ndiyo. Lakini anayefanya hesabu sharti aandike pande zote mbili za daftari. Kuipitisha kwa mkono mmoja kuliokoa muda mwaka 2010, kukaacha deni la mashaka ambalo linalipwa hadi leo.

Na mchezo ni ule ule chama kikibadilika. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump, katika kipindi chake cha pili, alitia saini sheria inayopunguza matumizi ya Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 218 dhidi ya 214, na katika Seneti kura zilifungana 50 kwa 50 hadi Makamu wa Rais akaamua. Hakuna Mdemocrat aliyeiunga mkono. Nayo itakuja kushambuliwa siku upepo ukigeuka.

Mwaka huo huo ruzuku za ziada za bima, zilizowekwa na Wademocrat peke yao mwaka 2021 na kurefushwa 2022, zilikuwa zinakaribia kikomo. Serikali ilifungwa kwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na ugomvi wa ruzuku hizo ukiwa katikati. Zilikoma tarehe 31 Desemba 2025 bila mapatano. Waliokuwa wakizitumia ni pamoja na wenye maduka, mafundi na madereva waliojiajiri, watu ambao hawana mwajiri wa kuwalipia.

Somo kwa mwenye mtaji mdogo

Mambo haya si ya Marekani peke yake. Kenya ilipata serikali mpya Septemba 2022, na Oktoba 2023 ikatunga sheria ya bima ya afya ya jamii inayomkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alitoka kulipa 1,700 kwa mwezi akaingia kulipa 2,750. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo inakiuka katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na mpango ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiri mdogo aliyekuwa akipanga mishahara katika miezi hiyo aliyaonja mashaka tunayoyaeleza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kununua hisa za kampuni inayoishi kwa sheria ya bima, au kupanga gharama za wafanyakazi wako kwa kuitegemea, jiulize maswali matatu. Sheria ilipita kwa kura za nani? Fedha zake zimetengwa ndani ya sheria yenyewe, au zinaombwa upya kila bajeti? Na kama mwenye afya hana sababu ya kubaki, nani atamlipia mgonjwa?

Swali la tatu si la darasani. Tarehe 2 Julai 2025 hisa za Centene, kampuni yenye wateja wengi katika soko la sheria ya 2010, zilianguka kwa takriban asilimia 40 kwa siku moja, baada ya kubaini kwamba wateja wa soko hilo ni wagonjwa kuliko ilivyokadiria na kuyaondoa makadirio yake ya faida. Anguko hilo halikuwa hofu tupu kama lile la 2016. Hilo lilikuwa hesabu. Mwekezaji asiyeweza kulitofautisha anguko la hofu na anguko la hesabu atauza siku ya kununua, na kununua siku ya kuuza.