Wanaoteleza Wakapewa Dhahabu

Kila baada ya miaka minne runinga hutualika kutazama Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, nasi, wana wa ikweta, huketi tukastaajabu kwa amri. Mimi ni mtazamaji mwaminifu wa vitimbi hivi, na wanaonistaajabisha zaidi si wanamichezo bali watangazaji.

Chukua mchezo wa kalingi. Mtu husukuma jiwe la itale lenye uzito wa kilo zipatazo 20 juu ya barafu, na wenzake wawili hulitangulia mbio wakifagia ili lifike mbali bila kupinda. Mtangazaji hunong'ona kana kwamba yumo matangani. Tangu Nagano, Japani, mwaka 1998, wafagiaji hao huvishwa nishani. Mfagiaji wa ukumbi wangu wa mihadhara, ambaye ustadi wake haupungui wao, bado anangoja mshahara wa mwezi uliopita.

Mwingine hulala chali juu ya kigari kisicho na magurudumu, akaporomoka kwa kasi ipitayo kilomita 120 kwa saa. Ushindi hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Mtangazaji hutuambia kwamba sote tumeona pale alipokosea. Hatukuona. Naye hakuona.

Habari hizo zikisomwa kwa Kiswahili, mambo huharibika zaidi. Aliyevaa viatu vya vyuma anateleza, aliyefunga mbao miguuni anateleza, aliyelala chali naye anateleza. Katika lugha ambayo kuteleza ni kukosea, tunaambiwa kwamba fulani ameteleza akapata dhahabu, tusijue kama tumpe hongera au pole. Sisi walimu wa lugha tumeunda istilahi za fonolojia hadi wanafunzi wakatukimbia, lakini hili tumelinyamazia.

Mzaha huu ningeukomesha hapa, lau runinga nayo isingetufanyia wetu. Huko huko Nagano, Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo, alimaliza wa 92, yaani wa mwisho, katika mbio za skii za kilomita 10. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alikuwa amemaliza dakika 20 kabla yake, akamngoja ili amkumbatie. Uungwana wa Dæhlie siutilii shaka. Lakini picha ile imerudiwa mara ngapi, na kila mara kwa sauti ile ile ya huruma: tazameni Mwafrika kwenye theluji! Boit alishiriki tena mwaka 2002 na 2006. Sikumbuki kuoneshwa hayo.

Watangazaji hao husahau kwamba mlima uliolipa taifa lake jina una barafu kileleni, ingawa inazidi kuyeyuka. Si ajabu. Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848, wapo mabingwa wa jiografia wa London waliokataa katakata. Mmojawapo alikuwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani!

Mwenyeji aliyemwongoza Rebmann safarini hakuhitaji idhini yao. Weupe ule alikuwa ameshaupa jina, kwa neno moja tu: baridi. Ndilo jina tunaloiitia michezo hiyo hadi leo.