Nukta kando ya nyota si sayari mpaka itazamwe tena

Kila zinapotoka habari kwamba wataalamu wamepiga picha ya sayari inayozunguka nyota nyingine, wapo wanaoshangilia na wapo wanaocheka. Mimi naona pande zote mbili zinaacha jambo la maana, nalo ni jinsi habari hiyo inavyohakikishwa.

Kazi yenyewe ni ngumu, kwani mng'aro wa nyota hufunika kila kilicho jirani nayo. Ndiyo maana huchaguliwa nyota changa zilizo karibu nasi. Sayari kubwa zilizozaliwa karibuni bado zina joto, na joto hilo hunaswa na darubini zenye kizibo cha kuficha nyota. Hutafutwa pia vibete kahawia, yaani vitu vizito kuliko sayari lakini vilivyoshindwa kuwaka kama nyota.

Mwaka 2004, darubini ya VLT huko Chile ilionyesha nukta nyekundu kando ya kibete kahawia kiitwacho 2M1207. Huenda ilikuwa nyota ya mbali iliyo nyuma yake tu. Wataalamu wakatazama tena mwaka 2005, wakaona vyote viwili vinakwenda pamoja angani. Hapo ndipo walipotamka kwa uhakika.

Lakini hata kutazama mara mbili hakutoshi daima. Mwaka 2008 ilitangazwa sayari kando ya Fomalhaut, nyota iliyo umbali wa miaka 25 ya nuru, kutokana na picha za darubini ya Hubble za 2004 na 2006. Nukta ilisogea kweli, ila joto lililotarajiwa halikuonekana. Kufikia 2014 ilikuwa imetoweka. Mwaka 2020 watafiti András Gáspár na George Rieke wakaeleza kwamba yaelekea lilikuwa wingu la vumbi la miamba iliyogongana.

Sisi wa mpakani tuna somo hapa. Ushuru umepanda, mpaka umefungwa, kwenu kumetulia rudini: habari hizi huja kwa kishindo, na mtu huuza mali au hufunga virago kwa kuzisikia mara moja. Zikibainika si kweli, masahihisho huwekwa mistari miwili ukurasa wa ndani, naye ameshavuka.

Nawaomba wahariri na viongozi wetu: lililotangazwa ukurasa wa kwanza lisahihishwe ukurasa wa kwanza. Nawe msomaji, kabla hujafunga mzigo, uliza: nani ametazama tena?