Sanduku Dogo la Sauti za Nyumbani

Katika nyumba zetu nyingi yamo makasha ya kaseti: visomo vya Qur'ani, mawaidha ya masheikh, kasida za maulidi na harusi, na pengine sauti ya babu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Utepe wa kaseti haudumu. Joto na unyevu huula hata ukikaa bila kuchezwa. Basi, ewe kijana ujuaye kompyuta, hiyo ni kazi yako katika nyumba ya wazee wako, wala haihitaji mtambo mkubwa.

Kuhifadhi sauti na kuzitoa hakuitaki kompyuta nguvu nyingi. Yatakiwa isiwe na feni, isije ikavuma sebuleni, na itumie umeme kidogo, kwani itawaka usiku na mchana. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, yaenea katika kiganja cha mkono. Ile ya nne, ya mwaka 2019, isipokuwa na kazi nzito hutumia kama wati 3 tu. Hizo hazifiki uniti 3 kwa mwezi. Kompyuta kuukuu ya mezani ya wati 60 itamaliza uniti 43. Na asemaye kuwa anayo ya bure ahesabu hayo kwanza.

Lakini kama ilivyotoka dukani haitoshi. Tundu lake la sauti ni hafifu, na ile ya tano, ya mwaka 2023, haina tundu hilo kabisa. Hununuliwa kibao cha sauti kikapachikwa juu ya pini zake, na kutoka hapo waya huenda kwenye amplifaya. Marekebisho ya pili ndiyo makubwa zaidi. Kadi ndogo ya kumbukumbu huweza kuharibika umeme ukikatika ghafla, nasi twajua umeme wetu. Kwa hiyo kadi ibaki na programu tu, na sauti zikae katika diski ya SSD iliyochomekwa kwenye USB. Saa moja ya sauti kwa kiwango cha CD ni kama megabaiti 635. Ikikunjwa kwa FLAC, isiyopoteza chembe ya sauti, hukaribia nusu ya hizo. Diski ya gigabaiti 500 itabeba zaidi ya saa 1,000. Diski ya pili, yenye nakala ya yote, iwekwe nyumba nyingine.

Kwa programu, iko ya bure iitwayo Lyrion Music Server, na habari yake ina mazingatio. Kampuni ya Logitech iliinunua Slim Devices, waasisi wake, mwaka 2006. Mwaka 2012 ikaacha kuunda vyombo vyao vya Squeezebox. Na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni. Waliotegemea huduma hiyo peke yake walikatikiwa. Waliokuwa na programu na sauti zao nyumbani waliendelea kusikiliza, kwa kuwa programu yenyewe ilikuwa wazi kwa watu wote, na watu wa kujitolea wameishika hata leo.

Katika kunakili, anza na kaseti zilizorekodiwa nyumbani, maana visomo vya wasomaji mashuhuri vitapatikana kwingine. Na kila moja iandikwe jina la mwenye sauti, mahali na mwaka, maadamu bado yupo bibi wa kuwatambua.