Roboti ifanye yake, mhakiki afanye yake

Wanaoibeza roboti ya Intel inayokompaili viraka vya kerneli ya Linux husema haijui kama msimbo una mantiki. Ni kweli, na ushahidi upo: kasoro ya Dirty COW iliingia kwenye usimamizi wa kumbukumbu mwaka 2007, ikarekebishwa 2016, na muda wote huo msimbo ulikompailiwa bila kinyongo. Ila hoja hiyo inaidai roboti kazi isiyo yake. Kazi yake ni kukompaili kwa mipangilio mingi, maana kerneli ina vipengele zaidi ya 10,000 vya kuwasha au kuzima. Mwandishi wa kiraka hujaribu kwenye mashine yake, aghalabu ya biti 64 yenye kurasa za kumbukumbu za kilobaiti 4, akadhani kamaliza. Kumbe kuna ARM zenye kurasa za kilobaiti 64, vichakataji vya biti 32, hata vifaa visivyo na MMU (kitengo cha kusimamia kumbukumbu) kabisa, ambako majedwali ya kurasa anayoyategemea hayapo. Huko ndiko mipangilio ya kubahatisha ya roboti inakofika na binadamu hafiki. Ripoti za roboti huchosha, hilo sibishi, hasa maonyo kuhusu kigeu kisichotumika. Lakini kila kosa la namna hiyo likinaswa na mashine, mhakiki hubaki na muda wa kusaka nyuzi mbili zinazogombea ukurasa mmoja, jambo ambalo kompaila haiwezi kuliona.