TUWAFUNDISHE WATOTO WETU KUKEJELI



Siku ya sherehe shuleni watoto wetu husimama mbele ya mgeni rasmi na kutoa ngonjera. Humsifu mgeni, husifu barabara, husifu kisima, hata kama kisima chenyewe hakijatoa maji tangu kilipofunguliwa. Watu wazima hupiga makofi, na mtoto hurudi darasani akijua jambo moja: kwamba kazi ya ulimi mbele ya wakubwa ni kusifu. Jioni mtoto huyo huyo hushika simu ya kaka yake, akasoma matusi ya kila namna, ya kabila la mtu, ya sura yake na ya mama yake mzazi. Hapo hujifunza jambo la pili: kwamba kazi ya ulimi nyuma ya wakubwa ni kutukana. Kati ya sifa na matusi hakuna aliyemwonyesha njia ya tatu.

Njia ya tatu ipo, nayo ni ya kwetu. Ni kejeli, yaani kuonyesha ubovu wa jambo kwa kuchekesha, ili mwenye jambo aone haya na watu waone ukweli. Twasema wazi kwamba yafaa shule zetu ziifundishe, tena ziifundishe kwa kazi za wanafunzi wenyewe, si kwa kukariri. Mwanafunzi wa sekondari huandika katika daftari maana ya kejeli, ya dhihaka na ya shtihizai, akapata alama zake katika mtihani. Lakini mwambie atunge ukurasa mmoja wa kejeli juu ya foleni ya zahanati, atakutazama tu. Ni kama seremala aliyekariri majina ya randa na patasi wala hajapata kugusa ubao.

Wako watakaosema kwamba kejeli ni desturi ya kigeni. Neno hilo si kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliwarushia maadui wa mji wake mashairi makali, nao wakajibu kwa mashairi. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, aliimba wimbo wa Kijiti juu ya kesi ya mauaji ambayo mwuaji alitoroka na wanawake walioshuhudia ndio wakaadhibiwa. Kila aliyeusikia alijua mahakama ya wakoloni ilikuwa na haki ya namna gani.

Mwaka 1951, Waingereza wakiwa bado wametawala, Shaaban Robert, karani katika serikali yao hiyo hiyo, alitoa kitabu cha Kusadikika. Hakumtaja gavana hata mara moja. Alitunga nchi iliyo angani, akamweka Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria, na Karama akasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema kwa nchi yao, wakarudi nayo, kisha wakatiwa gerezani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Na baada ya uhuru, gazeti la chama chenyewe, Uhuru, lilimweka Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory, wasomaji wakacheka na kujiona wenyewe ndani ya michoro ile. Chama hakikuanguka kwa sababu ya Chakubanga.

Lakini lililo kubwa kuliko hayo yote ni utani. Katika utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, mtani huja msibani akamcheka marehemu mbele ya wafiwa, akaiga alivyotembea na alivyokuwa mchoyo wa tumbaku. Wala hapana anayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe kuchimba kaburi na ndiye achukuaye kazi nzito ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Haki yake ya kucheka inatoka katika jasho lake. Hiyo ndiyo sheria ya kejeli ambayo watoto wetu hawajaambiwa: anayecheka ubovu wa nyumba awe tayari kushika jembe. Mtu acheka tu, kisha akaenda zake, huyo ni mzomeaji.

Basi mwalimu afanyeje? Ziko kazi ambazo hazihitaji fedha wala kitabu kipya.

Kazi ya kwanza ni kuunda nchi ya kubuni. Darasa lisome Kusadikika, au lisome Shamba la Wanyama, kitabu cha George Orwell cha mwaka 1945 ambacho Fortunatus Kawegere alikitia katika Kiswahili mwaka 1967. Kisha wanafunzi wachore ramani ya nchi yao wenyewe, waipe jina, bendera na sheria kumi. Kila sheria ichukue kosa moja wanalolijua na kulivuta mpaka lionekane na kila mtu. Kwa mfano: katika nchi hiyo hapana ruhusa kuteka maji katika bomba jipya mpaka mgeni rasmi akate utepe. Mgeni amechelewa miaka mitatu. Majani yameota juu ya bomba, wanawake wanakwenda mtoni, na kamati ya maendeleo kila mwaka inanunua utepe mpya kwa sababu wa zamani umeliwa na panya. Mtoto aliyetunga hayo hakumtukana mtu, lakini amesema yote.

Kazi ya pili ni muhtasari wa kikao. Wanafunzi waandike kumbukumbu za mkutano wa kamati uliokutana kwa ajili ya upungufu wa madawati. Lugha iwe ya ofisi kabisa, bila mzaha hata kidogo: mahudhurio, ufunguzi, yatokanayo, mengineyo. Chai ijadiliwe saa moja na nusu, posho ijadiliwe saa moja, na madawati yaingie katika mengineyo, ambako wajumbe wanakubaliana kwa kauli moja kwamba wanafunzi waendelee kukaa chini ili wazoee uvumilivu. Hapa mtoto hujifunza siri kubwa ya kejeli, kwamba mwandishi hacheki. Anayecheka ni msomaji.

Kazi ya tatu ni jina la khanga. Mama zetu wamesema mambo mazito kwa maneno manne au matano yaliyopigwa chapa juu ya kitambaa, bila kumtaja jirani. Kila mwanafunzi atunge majina kumi ya khanga juu ya maovu ya watu wote, kama rushwa, uvivu, umbeya na ahadi za uongo. Hii humfundisha kupunguza maneno. Kejeli ndefu ni kama kisu butu.

Kazi ya nne ni ngonjera iliyopinduliwa. Katika ngonjera tulizozizoea, mjinga huuliza na mwerevu humjibu mpaka mjinga akakubali. Mathias Mnyampala na wenzake walizitumia kueleza Azimio la Arusha la mwaka 1967, nazo zilifanya kazi yake. Sasa mwanafunzi aandike ile ambayo mwerevu ana majibu mengi mazuri, lakini mjinga ana swali moja tu, na swali hilo halijibiki.

Kazi ya tano, inayofunga zote, ni gazeti la ukutani. Wanafunzi wachague wahariri wao, na kila utungo usomwe kwa sauti mbele ya darasa kabla haujabandikwa. Wahariri waulize maswali matatu. Je, chini ya mzaha huu uko ukweli tunaoweza kuuonyesha? Je, tunayemcheka ana nguvu kuliko sisi, au ni kilema, maskini, mgeni, mtoto wa kabila dogo? Je, yuko mtu atakayesoma haya akadhani ni habari za kweli? Utungo ukishindwa swali moja urudi kwa mwandishi. Na toleo la kwanza la gazeti hilo liwacheke wanafunzi wenyewe: wachelewaji, waibiaji wa mitihani, viranja wanaopenda ukubwa. Nyani haoni kundule. Mtoto aanze kwa kutazama lake.

Kisha ifuate sheria ya mtani. Wakiisha kucheka choo kichafu, Jumamosi waende na mafagio. Wakiisha kucheka kamati ya madawati, wapige misumari katika yale yaliyovunjika. Hapo mtu mzima aliyechekwa atakosa pa kushika, kwani waliomcheka wamefanya kazi yake.

Najua hofu za watu. Wengine husema watoto watakuwa jeuri. Lakini ujeuri tunao tayari, tena mwingi, nao umeota mahali ambapo hapana mwalimu. Mtoto aliyezoea kuulizwa maswali yale matatu ana adabu zaidi kuliko yule aliyefundishwa sifa darasani na matusi barabarani. Wengine husema walimu watapata taabu na wakubwa. Hofu hii si ya bure, na tuiseme wazi. Majirani zetu wa Kenya wameonyesha. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Shule ya Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa katika mashindano ya taifa ya maigizo, mpaka Mahakama Kuu ikaurudisha. Mwezi Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilikwenda Nakuru na mchezo wa Echoes of War. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamuru waruhusiwe, lakini polisi walipiga mabomu ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Mchezo ambao ungetazamwa na watu wa ukumbi mmoja ukazungumzwa na nchi nzima.

Kutoka hapo twapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwa wakubwa: serikali inayomwogopa msichana wa shule haimtishi msichana, inajichekesha yenyewe. La pili ni kwetu sisi tunaopenda kejeli: mchezo ule uliandikwa na mwanasiasa aliyekuwa seneta, na moshi ukavutwa na watoto. Alikuwa na haki ya kuandika. Lakini tukitaka watoto waseme, tuwafundishe waandike ya kwao, kwa akili yao, juu ya wanayoyaona, wala tusiwaazime midomo yetu kisha tukakaa mbali.

Iko pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha watu. Ndiyo sababu swali la tatu la wahariri ni kubwa. Mwongo anataka aaminiwe. Mkejeli anataka agunduliwe. Shaaban Robert aliiweka nchi yake angani ili mtu asiitafute katika ramani. Mtoto ajue tofauti hiyo kabla hajamiliki simu, na sisi watu wazima nasi tuijue kabla hatujamwita polisi.

Ndugu wanachama, wengi wenu mmo katika kamati na bodi za shule. Katika kikao kijacho ombeni jambo moja dogo: ubao mmoja ukutani, karatasi, na mwalimu wa Kiswahili aliyeruhusiwa kujaribu muhula mmoja. Na gazeti likibandikwa, mwenyekiti wa kamati awe wa kwanza kwenda kulisoma, na akijikuta ndani yake acheke kwa sauti watoto wamsikie. Kisha aende akaliangalie lile bomba.